Kabla hujambeba paka "aliyepotea" hapa Mombasa, soma uzi huu kwanza

Baraza la Kibokoni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, na wengine hamjambo. Kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa hazipiti siku nyingi bila picha ya mnyama: huyu kaonekana Tudor, yule katoweka Ganjoni, mwingine yuko juu ya paa Makadara na hashuki. Mimi ni mmoja wa wanaosaidia kuwarudisha kwa wenyewe. Kuna jambo limenikaa rohoni na nataka tulizungumze, hata kama baadhi yenu mtaninunia.

Kwa niliyoyaona, wanyama wengi tunaohangaika nao mji huu wamepotezwa na watu wema.

Nieleze. Paka wa Mji wa Kale asubuhi yuko kwa muuza samaki akingoja matumbo na mapezi. Mchana amelala kwenye baraza ya mzee fulani, na jioni anarudi kwake, ambako kuna mtu anamwita kwa jina na kumwekea sahani. Sasa apite mgeni, amkute kaketi juani, mwembamba (paka wetu ni wembamba, na joto hili utanenepea wapi?), amwonee huruma, amtie kwenye boksi, apande naye tuktuk mpaka ng'ambo ya daraja la Nyali. Akifika anapiga picha, anaweka Facebook: "Paka amepatikana, yuko Bamburi." Na mwenyewe yuko Kibokoni, anatafuta paka aliyepotelea Kibokoni. Hao wawili watakutania wapi?

Ombi langu la kwanza basi: usimhamishe mtaa. Kama hajaumia, si kitoto cha siku chache na hayuko katikati ya barabara, mpe maji, mpige picha hapo hapo alipo, kisha uulize watu. Na watu wa kuuliza wanajulikana. Muuza samaki anajua paka wote wa njia yake kwa sababu wote ni wateja wake wasiolipa. Muuza kahawa anayezunguka na dele lake akigonganisha vikombe hupita vichochoro ambavyo mimi na wewe hatuvijui, na hupita saa ambazo paka wametoka. Halafu kuna watoto wanaotoka madrasa jioni. Wallahi, watoto hao ni polisi. Waonyeshe picha, watakwambia: "Huyu ni Simba wa kina fulani, amewahi kuangukia sufuria ya mbaazi." Hakuna programu ya simu inayofika hapo.

La pili ni la wenye kupoteza. Watu husambaza picha mpaka ifike Dubai, na jirani wa ukuta mmoja hajaiona. Kuna utafiti wa nchi za nje uliochapishwa mwaka 2018, ulihusu paka zaidi ya 1,200 waliopotea. Kati ya waliopatikana, robo tatu walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walipotorokea. Mita 500 kutoka Fort Jesus hata Marikiti hujafika! Na yule paka wa ndani, asiyezoea kutoka, huwa karibu zaidi. Ameruka dirishani, ameshtuka, amejibana chini ya ngazi, nyuma ya tangi la maji au kwenye stoo ya jirani iliyofungwa tangu juzi. Anakusikia ukimwita na hajibu, kwa sababu ana hofu, na mnyama mwenye hofu hunyamaza. Nenda usiku wa manane mtaa ukitulia, umulike tochi chini chini. Macho yake yatang'aa kabla hujaona mwili. Usiridhike na jirani kukwambia "hayumo humu". Mwombe kwa adabu akufungulie stoo mtazame pamoja.

Mbwa ni habari nyingine. Mbwa aliyeshtuka hukimbia moja kwa moja na huenda mbali. Mkesha wa mwaka mpya, meli zikipiga honi Kilindini na fataki zikirushwa, alfajiri utakuta mbwa wa Nyali yuko Kongowea hajui alikotoka. Huyo ukimkimbiza na kundi la vijana mkipiga kelele, mmemsukuma Kisauni. Keti chini, mgeuzie ubavu, usimkazie macho, tupa kipande cha nyama, subiri. Ni kazi ya subira na jua ni kali, lakini hakuna njia ya mkato.

Karibuni. Wenye kupinga pia karibuni.

Tuktuk ya Tudor

Kaka umesema kweli tupu. Mimi nishabebeshwa paka mara nyingi tu, mtu na boksi lake, "nipeleke Mtwapa, nimeokota." Siku hizi nauliza: umemuuliza nani pale? Wengine hukasirika wakaita tuktuk nyingine.

Niongezee jambo. Tangazo lipelekeni steji. Sisi twashinda barabarani tangu alfajiri, na mbwa aliyepigwa na gari au anayezubaa njia panda twamwona mbele ya kila mtu. Lakini leteni karatasi. Picha ya simu nikiiona asubuhi, saa tano nishaisahau, wateja mia wamepita hapo kati. Karatasi nikiibandika kwenye kioo cha mbele, abiria nao waisoma.

Soja wa Usiku

Nalinda jengo Kizingo. Nyinyi mwauliza soja wa mchana halafu mwaenda zenu. Soja wa mchana hajui paka. Paka aingia kwenye maegesho saa nane za usiku, alala juu ya boneti ya gari lililorudi karibuni kwa sababu lina joto, na kabla ya adhana ya alfajiri ashaondoka. Njooni mara mbili, zamu ya mchana na zamu ya usiku. Na msije kwa ukali, eti "fungua geti nitafute paka wangu." Mimi nina bosi. Sema vizuri, nitakuzungusha mwenyewe na tochi yangu.

Mama wa Bamburi

Samahani, lakini mimi ni mmoja wa hao "wageni kutoka Bamburi" na sioni haya kusema. Wiki iliyopita nilimchukua paka Kizingo karibu na barabara ya Mama Ngina. Mweupe, mkia una pete za rangi ya chungwa, jicho linatoa machozi, mbavu zaonekana. Magari yanapita pale kama hayana breki. Ningemwacha akanyagwe ndipo mniite mstaarabu? Yuko kwangu, anakula, analala. Kama ana mwenyewe, mwenyewe huyo alikuwa wapi?

Baraza la Kibokoni

Mama, huruma yako haina lawama na jicho ulifanya vema kulitazama. Naomba kitu kimoja tu. Picha uliyoiweka Facebook imeandikwa amepatikana wapi?

Mama wa Bamburi

Imeandikwa "yuko Bamburi".

Baraza la Kibokoni

Basi ibadilishe uandike "ametolewa Kizingo", mtaa na pembe ya barabara, na siku. Ulipo wewe hakumsaidii mtafutaji. Alipotoka paka ndipo mwenyewe anapoangalia. Na ukipata nafasi, peleka karatasi pale pale ulipomchukua.

Daktari wa Mifugo Pwani

Nimefuata uzi kimya, acha nichangie ya upande wangu.

Mbavu kuonekana na jicho kutoa machozi si ushahidi wa kutokuwa na mwenyewe. Nahudumia paka wanaolala kwenye mito ya hariri na macho yao yanatoka machozi kila msimu. Tazameni vitu vingine. Je, shingoni manyoya yamelala kama palikuwa na kola? Ni dume aliyehasiwa? Anakubali kubebwa bila kukakamaa? Huyo karibu hakika ana kwao. Na mkiona ncha ya sikio moja imekatwa kwa mstari ulionyooka, hiyo ni alama ya paka wa mtaani aliyehasiwa kwa makusudi na kurudishwa palepale anapoishi. Msimwokote. Ameshaokolewa tayari.

Kuhusu chipu, maana najua swali linakuja. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele, huwekwa kwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega. Haina betri na haionyeshi mnyama yuko wapi, wale wanaodhani watamfuata kwenye ramani ya simu waondoe wazo hilo. Ina namba ya tarakimu 15, na mashine ikipitishwa juu ya mgongo inaisoma. Namba hiyo bila jina na simu yako kwenye daftari la usajili ni namba tu, na huu ndio ugonjwa wetu: watu wanaweka chipu, wanahama nyumba, wanabadilisha laini, hawasemi. Ukiokota mbwa au paka anayeonekana wa kufugwa, ulizia kliniki iliyo karibu kama wana mashine kabla hujampa mtu mwingine. Kusoma ni dakika moja. Mashine ipitishwe polepole, mpaka mabegani na ubavuni pia, kwa sababu chipu nyingine huhama kidogo.

Sasa la uzito. Mbwa usiyemjua usimkamate kwa mikono mitupu, na watoto wasitumwe kumkamata. Kichaa cha mbwa bado kipo Kenya. Mpango wa taifa ni vifo vya binadamu vinavyoletwa na mbwa viishe ifikapo mwaka 2030, na hatujafika. Mtu akiumwa au akikwaruzwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, dakika 15 za saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa mwenyewe asiuawe kwa hasira: kama anaweza kufungiwa salama, huangaliwa siku 10, na hali yake humsaidia daktari kuamua kuhusu aliyeumwa. Cheti cha chanjo mwenye mbwa akiweke mahali anapokipata, kwa sababu siku mbwa wake akiokotwa, cheti kile ndicho kinachomtuliza aliyemwokota.

Kijana wa Mikindani

Daktari, na nikiwa sina kola wala chipu wala pesa ya hivyo vyote?

Daktari wa Mifugo Pwani

Utepe wa kitambaa na peni isiyofutika, andika namba ya simu. Jina la paka usiandike, halina kazi. Uwe wa kunyumbuka au wenye kifungo kinachoachia ukivutwa, maana paka wa huku hupanda mapaa ya mabati na kunasa kwenye misumari. Kati ya utepe na shingo vidole viwili viingie.

Tuktuk ya Tudor

Kuna jambo hamjaligusa na ndilo linaloliza watu: matapeli. Mteja wangu alipoteza mbwa, kaweka tangazo na namba ya simu na "zawadi shilingi elfu ishirini". Hata jua halijachwa akapigiwa. "Mbwa wako ninaye, niko Mariakani, nitumie elfu mbili ya usafiri na ya kutolea." Akatuma. Akapigiwa tena, gari limeharibika njiani. Akatuma. Kisha simu ikazimwa. Mbwa alikuwa kwa jirani wa nyuma muda wote huo.

Dada wa Ganjoni

Hao wapo tele. Dawa yake ni kuficha alama moja. Kwenye tangazo weka picha ya upande mmoja na usitaje kitu kimoja unachokijua wewe, mfano kovu la tumboni au ukucha mweupe wa mguu wa nyuma. Anayepiga muulize: kuchani kuna nini? Aliye naye mbwa kweli ataenda kumtazama arudi kukujibu. Tapeli atakwambia "aa, hilo siwezi kuona vizuri, nitumie kwanza."

Na wewe uliyeokota fanya vivyo hivyo. Usiweke picha yote. Atakuja mtu na kamba mkononi, "ni wangu huyo", kumbe amempenda tu, hasa akiwa mbwa wa kizungu. Mwambie alete picha ya zamani waliyopiga pamoja, au amwite kwa jina mbele yako uone mkia unasema nini.

Nyali Upepo

Mimi ni wa zawadi, siwezi kuficha. Bila pesa nani atajisumbua? Tuseme ukweli.

Baraza la Kibokoni

Zawadi iwepo, kiwango kisitajwe. Ukitaja kikubwa, umewaita matapeli na pia umefundisha mtu kwamba mbwa wako ni mtaji. Kesho atatorokeshwa ili "apatikane". Andika "zawadi ipo" basi. Na watoto wa madrasa hawataki elfu ishirini. Wanunulie viazi karai na soda, watakuletea habari mpaka za paka usiyemtafuta.

Ustadh wa Kuze

Mmenifurahisha na huu mjadala, kwa sababu una asili ndefu. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu vitu vilivyookotwa, akaagiza vitangazwe mwaka mzima. Akaulizwa kuhusu kondoo au mbuzi aliyepotea, akasema ni wako, au wa ndugu yako, au wa mbwa mwitu, maana yake mchukue, akiachwa ataliwa. Akaulizwa kuhusu ngamia, uso ukabadilika kwa hasira: una nini naye? Ana viatu vyake na ana maji yake, atafika kwenye maji na kula miti mpaka mwenyewe amkute. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim.

Sasa mimi si mufti, lakini nikimtazama paka mkubwa wa Kibokoni namwona upande wa ngamia. Anajua maji yalipo, anajua samaki walipo, mwache mwenyewe amkute. Kitoto cha paka, au mbwa mdogo kando ya barabara ya Makupa, huyo ni upande wa kondoo, mchukue na utangaze. Na tusisahau kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake akasamehewa. Najua nyumba zetu nyingi hapa hatufugi mbwa ndani. Kumpa maji na kumpigia simu mwenyewe hakukutaki umwingize chumbani.

Kijana wa Mikindani

Ustadh, na kutangaza kwa spika ya msikiti je? Watoto waliopotea twatangaza.

Ustadh wa Kuze

Mwanangu, wanazuoni hata kitu cha kawaida kilichopotea hawapendi kutangaziwa ndani ya msikiti, na kamati yangu itanipigia kelele. Simameni nje mlangoni watu wakitoka Ijumaa, na karatasi mkononi. Hapo mtaa mzima unapita mbele yenu.

Mpenda Kasuku

Na sisi wa ndege? Kasuku wangu wa kijivu aliwahi kuponyoka asubuhi nikisafisha kizimba.

Kwa faida ya wengine: ndege aliyefugwa hajui kushuka. Kupanda anajua, kushuka kutoka juu ya mnazi ni elimu asiyoipata ndani ya kizimba. Usirushe mawe wala usitume mtu apande, ataruka mnazi wa mbele. Kilete kizimba chake alichozoea, kiweke wazi anapokiona, chakula anachokipenda ndani, nawe ukae upige mluzi ule ule wa kila siku. Saa nzuri ni alfajiri na kabla ya magharibi. Mchana kunguru watamzonga, na kunguru wa Mombasa mwawajua, hata mwewe wanamfukuza.

Karatasi zenu za kibali ziwe sawa pia. Biashara ya kimataifa ya kasuku hawa waliokamatwa porini imepigwa marufuku tangu 2017 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Na anayeokota tumbiri au kobe asiseme "mnyama wa kufugwa amepotea". Huyo ni mnyamapori, kuna sheria ya wanyamapori ya 2013, piga simu KWS, shirika la serikali la wanyamapori.

Nyali Upepo

Tumbiri wa Nyali hawajapotea, wanajua hasa friji yangu ilipo.

Dada wa Ganjoni

Kuna waliouliza tangazo liandikweje. Mengi nayaona yameandikwa kama barua ya mapenzi, "tafadhali nisaidieni, ni mwanangu, silali". Aliye kwenye matatu ana sekunde tatu za kusoma. Fanya hivi:

PAKA AMEPOTEA – TUDOR, KARIBU NA [alama inayojulikana]
Mweusi, kifua cheupe, mkia mfupi
Anaogopa. USIMKIMBIZE. Piga picha, piga simu
[namba]

Herufi kubwa zisomeke kutoka upande wa pili wa barabara, na picha moja tu. Karatasi itie ndani ya mfuko wa plastiki mdomo ukitazama chini. Masika hii, karatasi tupu haimalizi usiku. Na akipatikana, rudi uzibandue zote, watu wakizoea kuona matangazo ya zamani hawasomi mapya.

Kwa paka wa ndani, acha leso uliyoivaa, ambayo hujaifua, karibu na mlango au dirisha alilotokea. Harufu yako anaijua.

Mama wa Bamburi

Nimerudi. Nilikwenda Kizingo na karatasi kama mlivyosema. Soja wa mchana hajui kitu. Nikangoja wa jioni. Kabla sijamaliza kufungua picha kasema: "Huyu ni wa fundi cherehani wa hapo chini, anamtafuta mpaka kwenye mitaro." Jicho lake ana matibabu, dawa iko kwenye droo ya cherehani, nimeonyeshwa chupa.

Mnadhani nilishukuriwa? Yule fundi kanikaripia mbele ya wateja, eti nimemwibia. Nikamwambia mamangu, paka hana kola, yuko ukingoni mwa barabara, mimi ningejuaje? Tukazozana weee, kisha akaleta kiti na chai ya maziwa. Paka kapanda juu ya nguo ya mteja akalala. Nimemwachia boksi la chakula. Na bado nasema yule mnyama anahitaji kola.

Soja wa Usiku

Si niliwaambia zamu ya usiku.

Daktari wa Mifugo Pwani

Fundi cherehani hakosi kitambaa wala lastiki, mama. Mwambie ashone mwenyewe, namba aitarizi kabisa, haitafutika na mvua. Vidole viwili, msisahau.

Mama wa Bamburi

Nitampelekea habari Jumamosi. Nina suruali ya mume wangu ya kupunguza hata hivyo.